Anneta wa Besi

Rekodi za Gloria ya Antonio Vivaldi ni nyingi mno, na sekunde zake za mwanzo hazitofautiani sana. Fidla zinaruka kutoka noti ya chini hadi noti ya jina hilohilo juu yake, zinashuka, zinaruka tena. Tarumbeta na oboe zinadakia. Mwendo ni wa haraka, wa kushangilia, na msikilizaji hajajiweka sawa kwenye kiti kwaya imeshapokea. Ni pale kwaya inapofungua kinywa ndipo rekodi moja inapoachana na nyingine.

Katika santuri ya kwaya ya King's College, Cambridge, iliyorekodiwa mwaka 1966, sauti za juu ni za wavulana na za chini ni za wanaume. Katika rekodi ya Le Concert Spirituel, kikundi cha Ufaransa kinachoongozwa na Hervé Niquet, iliyotoka mwaka 2015, kwenye kwaya hakuna mwanamume hata mmoja. Kazi ni ileile. Maneno pia ni yaleyale ya Kilatini ambayo Wakatoliki wa Afrika Mashariki huyaimba kwa Kiswahili kwenye Misa, unapofika wimbo wa Utukufu. Lakini Vivaldi aliandika sauti nne, kama zilivyo katika kwaya za parokia zetu: soprano, alto, teno na besi. Kama waimbaji wote ni wanawake, besi anaishika nani?

Swali hilo linaonekana la mafundi wa noti, na kwa muda mrefu liliachiwa wao. Hata hivyo ukilifuata mpaka mwisho linakufikisha kwa wanawake halisi, wenye majina daftarini, ambao dunia iliyapenda mambo waliyoyaimba ikawasahau wenyewe.

Jibu linaanzia kwenye tundu la ukutani. Tangu mwaka 1346 mji wa Venice ulikuwa na nyumba ya kupokea watoto waliotupwa, iliyoanzishwa na mtawa Mfransisko na kuitwa Ospedale della Pietà. Ukutani palikuwa na uwazi mdogo wa kutosha kichanga, ambamo mtu aliweza kumweka mtoto na kuondoka bila kuonekana. Baadhi ya wazazi walimwachia mtoto nusu ya medali au kipande cha karatasi kilichochanwa, wao wakabaki na nusu ya pili, ili siku mambo yakinyooka waje kumdai. Wengi hawakurudi. Mtoto aliandikwa daftarini, akapigwa chapa ya herufi P mwilini, akakabidhiwa kwa mama wa kumnyonyesha. Katika uchochoro ulio kando ya kanisa la Pietà bado liko bamba la mawe la mwaka 1548. Linawatishia laana ya Kanisa wazazi wenye uwezo wa kulea watakaothubutu kutupa wana wao humo.

Wavulana walifundishwa ufundi, wakaondoka wakingali vijana. Wasichana walibaki, na wengi wao walifanya kazi za mikono: kushona, kufuma lesi, kufua, kupika. Wachache, takriban 40 kwa wakati mmoja, waliingizwa kwenye kikosi cha muziki kilichoitwa coro, na hao walipata mafunzo ambayo hata binti wa tajiri asingeyapata kirahisi. Waliimba, walipiga fidla, selo, oboe na kinanda, kisha wakubwa wakawafundisha wadogo. Mapato yao yaliisaidia nyumba nzima, kwani matajiri wa Venice na wageni kutoka kila pembe ya Ulaya walikuja kuwasikiliza na kutoa sadaka. Kwa kuwa hawakuwa na jina la baba, daftari ziliwatambulisha kwa kazi zao. Aliyevuma kuliko wote ni Anna Maria dal Violin, yaani Anna Maria wa fidla, mpigaji ambaye Vivaldi alimwandikia kazi ngumu kwa makusudi. Aliishi ndani ya kuta hizo maisha yake yote na kufariki mwaka 1782, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80.

Katika daftari hizohizo za karne ya 18 wamo pia Paulina dal Tenor na Anneta dal Basso. Paulina wa teno. Anneta wa besi.

Kabla majina hayo hayajapewa uzito, wataalamu walikisia mengi. Wapo waliodhani kwamba wanaume waliazimwa kutoka Kanisa la Mtakatifu Marko, ingawa kanuni za Pietà zisingeruhusu wanaume kusimama na wasichana jukwaani. Wengine waliona walimu wenyewe ndio waliojaza pengo. Mwaka 1994 Michael Talbot, Mwingereza aliyeutumia ujana na uzee wake kumsoma Vivaldi, alichapisha makala kuhusu teno na besi katika nyumba hizi za Venice, na hoja yake ikawa rahisi kuliko zote: wanawake waliimba wenyewe. Wenye sauti nzito waliimba teno kama ilivyoandikwa. Besi iliimbwa na wachache walioifikia, na pale iliposhuka mno ilipandishwa oktavu moja, yaani hadi noti ya jina hilohilo juu yake, huku selo na kinanda vikiendelea kuishika chini.

Kipo kitu kingine kilichowasaidia, nacho ni kipimo cha kusawazishia ala. Vikundi vingi vinavyopiga ala za kale siku hizi husawazisha chini kidogo ya kipimo cha kisasa. Venice ya Vivaldi ilikuwa juu zaidi, karibu na kipimo tulicho nacho leo. Kwa mwimbaji wa soprano hilo ni mzigo, lakini kwa mwanamke anayeitafuta besi kila noti ya chini ilikuwa imepanda karibu nusu hatua kumfuata alipo. Yeyote aliyewahi kumwona mwalimu wa kwaya, siku wanaume hawajafika mazoezini, akiwageukia akina mama wenye sauti nzito na kuwapa teno, hawezi kushangazwa na habari za Paulina.

Vivaldi mwenyewe aliingia Pietà mwaka 1703, akiwa na umri wa miaka 25, mwaka uleule alioupata upadre. Kwa sababu ya nywele zake watu walimwita Padre Mwekundu. Hakuendelea kusoma Misa kwa muda mrefu, mwenyewe akisema kifua kilimbana, na alichoajiriwa kufanya kilikuwa kufundisha fidla. Bodi ya nyumba hiyo ilipiga kura juu ya walimu wake, na mwaka 1709 kura hazikumtosha. Alirudishwa mwaka 1711. Miaka miwili baadaye Francesco Gasparini, mwalimu wa kwaya na mtunzi wa nyimbo za ibada, aliomba likizo na hakurejea. Ikabidi mwalimu wa fidla ajaze nafasi. Juni 1715 bodi ilimlipa dukati 50 za ziada kwa kazi alizotunga: Misa nzima, Masifu ya jioni, oratorio moja na moteti zaidi ya 30. Wataalamu wengi huiweka Gloria hii, ambayo katika orodha ya kazi zake ina namba RV 589, kwenye miaka hiyohiyo. Mwaka 1716 alifuatisha oratorio ya Juditha triumphans, ambamo hata jemadari Holoferne na wanaume wengine wote wa hadithi waliimbwa na wasichana.

Wageni hawakuwaona vizuri. Waimbaji walikaa juu kwenye ghorofa ndogo ya kanisa, nyuma ya pazia la chuma, na sauti zikashuka kama vile hazina mwili. Charles de Brosses, Mfaransa aliyepita Venice mwaka 1739, aliandika kwa mshangao kwamba hakuna ala kubwa kiasi cha kuwatisha mabinti hao. Jean-Jacques Rousseau, aliyefanya kazi katika ubalozi wa Ufaransa mjini humo miaka michache baadaye, alikereka na pazia la nyumba jirani ya Mendicanti mpaka akaomba kutambulishwa kwa waimbaji. Alikuta mmoja ana jicho moja, mwingine uso umeharibiwa na ndui. Anasimulia kwamba aliondoka nusura awapende wote. Kuna jambo la haki katika simulizi hiyo: muziki ule ulitoka kwa wanawake wenye makovu ya umaskini na maradhi, na uzuri wake haukuhitaji kusamehewa chochote kwa ajili hiyo.

Nyuma ya pazia la Pietà kulikuwa na bei ya kulipa. Aliyeolewa aliachana na kuimba hadharani. Aliyebaki aliimba, akafundisha, akazeeka humohumo.

Vivaldi alikufa Vienna tarehe 28 Julai 1741, maskini, akazikwa katika makaburi ya hospitali. Miswada yake mwenyewe ilinunuliwa na Jacopo Soranzo, mkusanyaji wa vitabu wa Venice, na baada ya kupita mikono mingine ikafika kwa Giacomo Durazzo, mtu wa Genova aliyekuwa balozi wa Austria mjini humo. Warithi wake waliigawana katikati. Kwa zaidi ya karne moja Gloria ililala kabatini, na jina la Vivaldi likabaki la mtunzi wa fidla ambaye Bach alinakili baadhi ya kazi zake.

Mwaka 1926 mapadre Wasalesiani wa Don Bosco, shirika ambalo wasomaji wa Dodoma na Nairobi wanalifahamu kwa shule zake za ufundi, walikuwa na chuo huko Borgo San Martino, kaskazini-magharibi mwa Italia. Majengo yalihitaji matengenezo, nao walikuwa na shehena ya vitabu vya muziki waliyorithishwa na mmoja wa ukoo wa Durazzo. Waliiomba Maktaba ya Taifa ya Torino iwapimie thamani yake. Mkurugenzi Luigi Torri alimwita Alberto Gentili, mwalimu wa historia ya muziki katika chuo kikuu, na Gentili akakuta ndani ya shehena hiyo majalada 14 ya Vivaldi. Maktaba haikuwa na fedha. Roberto Foà, mfanyabiashara wa hisa, alilipa na kuitolea maktaba mkusanyo wote kwa kumbukumbu ya mwanawe Mauro, aliyekufa akiwa mchanga.

Gentili alipoyakagua majalada aligundua kwamba kazi nyingine zimekatika njiani. Hapakuwa na shaka: nusu ya pili ilikuwa mahali fulani. Msako uliishia Genova, kwa mzee wa ukoo wa Durazzo, na kumshawishi auze kulichukua muda mrefu. Safari hii aliyelipa, mwaka 1930, ni Filippo Giordano, mwenye kiwanda cha nguo. Naye alikuwa amefiwa na mwana mdogo, Renzo. Ndiyo maana mpaka leo miswada ya Vivaldi iliyoko Torino inaitwa kwa majina ya watoto wawili, Mauro Foà na Renzo Giordano. Gloria RV 589 imo katika mkusanyo wa Renzo. Kazi iliyotungiwa watoto walioachwa na wazazi ilirudi duniani kwa fedha za baba aliyeachwa na mtoto.

Aliyeitafuta hakuruhusiwa kuifaidi. Gentili alikuwa Myahudi, na sheria za kibaguzi za Italia za mwaka 1938 zilimwondoa chuoni. Septemba 1939, vita vikiwa vimeshaanza Poland, Gloria iliimbwa Siena katika wiki ya Vivaldi iliyoandaliwa kwenye Accademia Chigiana chini ya mtunzi Alfredo Casella. Casella aliihariri apendavyo, apunguze huku aongeze kule, kulingana na masikio ya wakati wake. Lakini kazi ilikuwa imefufuka, na baada ya vita iliingia kwenye kwaya za makanisa na za shule kwa kasi ambayo nyimbo chache za karne ya 18 zimeipata.

Santuri ndizo zilizoitawanya, na hapo Anneta akapotea mara ya pili.

Ile ya King's College ya 1966 iliongozwa na David Willcocks, na okestra ilikuwa Academy of St Martin in the Fields. Waimbaji wa peke yao walikuwa wanawake, akiwemo Janet Baker, ambaye sehemu ya alto aliiimba kwa uzito usiosahaulika. Upande wa pili uliwekwa Magnificat iliyobandikwa jina la Pergolesi, kijana wa Napoli aliyekufa na miaka 26. Baadaye imekubalika kwamba mwenye kazi ni mwalimu wake, Francesco Durante. Muziki wa ibada wa Italia ya wakati huo umejaa mikanganyiko ya aina hii, maana kazi zilinakiliwa kwa mkono na jina lenye soko lilibandikwa kirahisi. Hata Vivaldi alikopa kwa wengine: sehemu ya mwisho kabisa ya Gloria, fuga ya kufungia, ameijenga juu ya kazi ya mtunzi mwenzake wa Venice, Giovanni Maria Ruggieri, ya mwaka 1708.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Simon Preston aliirekodi na kwaya ya Christ Church, Oxford, pamoja na Academy of Ancient Music, waliopiga ala za kale. Okestra ilikuwa ndogo, mwendo mwepesi, na pale Emma Kirkby na Judith Nelson wanapoimba wawili, sauti zao zinafukuzana bila mtikisiko hata kidogo. Ni rekodi nzuri sana, na iliwafundisha wengi kwamba Vivaldi hahitaji kupakwa mafuta ya karne ya 19. Kwenye safu za kwaya, hata hivyo, walisimama wavulana na wanaume, kama desturi ya makanisa makuu ya Uingereza. Tazama jambo hilo kwa makini. Kazi iliyotungiwa kwaya isiyo na mwanamume ilijulikana kwa wengi kupitia kwaya zisizo na mwanamke, na ikazoeleka hivyo mpaka ikaonekana ndiyo asili yake.

Waliobadili mwelekeo hawakuwa wengi. Kule Oxford, Richard Vendome aliunda kikundi cha wanawake watupu, Schola Pietatis Antonio Vivaldi, na humo wapo wanaoimba teno na besi palepale zilipoandikwa. Televisheni ya BBC iliwapiga picha wakiimba Venice, katika kanisa la Pietà. Kanisa hilo, tusidanganyane, Vivaldi hakulijua: lilianza kujengwa mwaka 1745, yeye akiwa kaburini miaka minne, na watalii wanaokaa humo wakidhani ndipo alipofundishia wamekosea nyumba. Kapela ya zamani ilikuwa kando, panaposimama hoteli sasa. Kilichothibitishwa na kikundi cha Vendome ni kikubwa kuliko jengo. Mwanamke aliyefunzwa vizuri anaweza kuimba besi ya Vivaldi, na Anneta hakuwa muujiza.

Niquet alifuata njia ya pili. Kwake sauti za chini zimepandishwa, na hata vipande vya mwimbaji mmoja vinachukuliwa na kundi zima, kana kwamba pazia la chuma halimruhusu yeyote kujitokeza peke yake. Wapo watakaoikosa sauti ya mtu mmoja katika kipande cha utulivu ambacho Vivaldi aliwaandikia soprano na oboe, na wana haki.

Mahali pazuri pa kuzipima rekodi hizi ni sehemu ya pili, inayoomba amani duniani. Baada ya makeke ya mwanzo, kila kitu kinapoa. Mapigo ni matatu, fidla zinakwenda polepole, na sauti zinaingia moja baada ya nyingine, za chini zikitangulia. Noti moja inashikiliwa wakati nyingine imeshahama, zinagusana kwa maumivu, halafu ile ya kwanza inakubali kushuka. Vivaldi anairudia hila hiyo tena na tena, kwa dakika kadhaa, na kila mara inauma upya. Katika rekodi za Cambridge na Oxford mwanzo wake ni wa wanaume wenye sauti nzito, na wavulana wanapoingia juu yao nafasi kati yao ni pana, kila sauti ina chumba chake. Kwa Niquet sauti zote zinabanana. Huwezi tena kusema alto imeishia wapi na teno imeanzia wapi, na zile noti zinazogusana zinagusana kwelikweli, kwa rangi moja na umbali mfupi, huku selo na kinanda vikibaki peke yao huko chini. Ombi linasikika kuwa la watu wanaoishi chumba kimoja. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba Vivaldi aliyajua masikio na makoo aliyokuwa anayaandikia, na kwamba kupandishwa kwa besi hakumharibii kitu, kwa sababu besi ya kushikilia nyumba alishawapa wapiga ala.

Mwenye nafasi ya kusikiliza rekodi mbili aanze na ya Preston, kwa unadhifu wake, kisha aende kwa Niquet, ambaye kwa sehemu ya pili peke yake amewapita wote waliotangulia. Na kwa walimu wa kwaya za shule za wasichana na za nyumba za masista, kutoka Mombasa mpaka Bukoba, iko habari njema zaidi: utunzi huu hauna tena hakimiliki, nakala za noti zinapatikana bure kwenye intaneti, na hamna haja ya kusubiri wanaume. Tafuteni mpiga kinanda wa kushika besi ya chini, wapeni teno wasichana wenye sauti nzito, pandisheni besi pale isipofikika, mwimbe.